Miaka 25, bado yuko kwa baba

SWALI: Kijana wangu ana miaka 25, amemaliza chuo, bado anakula kwangu hapa Kasulu. Mimi umri huo nilikuwa na mke na mji wangu. Nimemlea vibaya?

JIBU: Hapana, mzee wangu. Jiulize kwanza wewe ulianza na nini. Wengi wa rika lako walikatiwa shamba na baba, wakapanda maharage na migomba, wakaoa. Leo shamba hilohilo linagombewa na ndugu watano. Na babu za kijana wako nao walihangaika: tangu 1944 SILABU, ofisi ya kutafutia mashamba ya mkonge vibarua, iliandikisha vijana wa Buha, wakiwemo wa Kasulu na Kibondo, kwenda kukata mkonge mashambani. Kijana aliondoka mtoto, akarudi na pesa ya mahari. Siku hizi miaka hiyo ya kuhangaika huishia darasani, naye hutoka na cheti bila mtaji.

Kumfukuza hakutamkomaza. Mpe kipande, hata nusu ekari, kwa maandishi mbele ya mashahidi, na mavuno yawe yake kweli. Usimwambie auze gunia kulipia msiba wa ukoo. Achangie unga na sabuni ya nyumba. Akiwa na wenzake, waunde kikundi waombe mkopo wa halmashauri. Asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo ya vijana.

Kama una binti, naye mkatie. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa haki sawa na kaka yake.