Jawabu la Mshtakiwa Mbele ya Hakimu

Yako maneno mawili ambayo, yakitamkwa kizimbani na mtu asiyejua uzito wake, huweza kuimaliza kesi kabla haijaanza, nayo ni haya: ni kweli. Mshtakiwa husomewa hati ya mashtaka, akaulizwa kama yaliyomo ni kweli au si kweli. Naye, kwa hofu ya kulala mahabusi usiku mwingine, au kwa kuwa amenong'onezwa kituoni kwamba akikubali atatozwa faini ndogo aende zake, hujibu kwa maneno hayo mawili, ilhali moyoni anayo hoja nzima ya kujitetea ambayo hakuna aliyemwuliza. Makala haya nayaandika kwa ajili ya mtu huyo na jamaa zake, hapa Nakuru, na Molo, na Naivasha, na kila penye mahakama ya hakimu katika Bonde la Ufa.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kaptembwo aliyenunua simu kuukuu kwa mtu asiyemjua, kisha akakamatwa nayo na kushtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi, kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 14. Anaulizwa, naye anajibu, "Ni kweli simu nilikuwa nayo, lakini niliinunua kwa pesa zangu, wala sikujua kuwa imeibiwa." Huko si kukiri. Kosa hilo halitimii mpaka ithibitike kwamba mwenye kushika mali alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi; na kwa hiyo hakimu hana budi kuandika kwamba mashtaka yamekanwa, na kesi ikasikizwa kwa mashahidi. Balaa huingia pale kijana anapokatizwa baada ya neno "kweli", au anapoona haya kuendelea, na ile "lakini" ikabaki kinywani mwake.

Kwa ajili ya mambo kama hayo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan iliyoamuliwa mwaka 1973, iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zaufuata hata leo: mashtaka yasomwe na kufafanuliwa, kila sehemu ya kosa, kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jawabu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, akikubali, upande wa mashtaka usimulie jinsi kosa lilivyotendeka, naye aulizwe tena kama masimulizi hayo anayakubali au ana la kupinga au kueleza, na akipinga jambo lililo msingi wa kosa, kukiri kwake kufutwe, pahala pake paandikwe kukana. Basi anayeulizwa mara ya pili na asidhani kwamba mlango umekwisha kufungwa, maana swali hilo la pili limewekwa kusudi apate nafasi ya kusema. Hata baada ya hapo, maadamu adhabu haijatolewa, aweza kumwomba hakimu ruhusa ya kubadili jawabu lake. Adhabu ikishatolewa, njia huwa nyembamba, kwa sababu aliyekiri haruhusiwi na sheria kukata rufani ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu, isipokuwa aweze kuonyesha kwamba kule kukiri kwenyewe hakukuwa kukiri. Na muda wa kukata rufani katika Mahakama Kuu ni siku 14 tu.

Habari ya lugha yataka kuangaliwa zaidi katika nchi hii yetu, ambamo Mkipsigis, Mtugen, Mgikuyu, Mturkana, Mgusii na Mwogiek wa Mau huweza kupandishwa kizimba kimoja asubuhi moja. Kiswahili cha kuulizia bei sokoni si lazima kiwe Kiswahili cha kufuata hati ya mashtaka. Katiba inampa mshtakiwa mkalimani asiyelipiwa hata senti, wala si aibu mtu kusema mbele ya umati kwamba hakufahamu. Aibu ni ya mahakama itakayomfunga mtu asiyeelewa alichoulizwa.

Walakini jawabu la kizimbani aghalabu huandaliwa kituoni. Tangu polisi wamtie mtu mkononi, Ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2010 yawalazimu kumweleza mara moja sababu ya kukamatwa kwake, haki yake ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Na yampa fursa ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Taja jina lako na makao yako kwa adabu, usipigane wala usikimbie, kisha sema kwamba mengine utayasema mbele ya wakili. Na karatasi usiyoisoma, au usiyosomewa ukaelewa, usiitie sahihi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, haikubali kukiri kosa ila mbele ya jaji, au hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kilichotajwa na sheria hiyo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena mtuhumiwa awe pamoja na mtu aliyemchagua mwenyewe, awe mama yake, mchungaji, imamu, au yeyote amwaminiye.

Muda wa kufikishwa mahakamani hauzidi saa 24, isipokuwa zikimalizika wakati mahakama imefungwa, ndipo husogezwa mpaka siku ya kazi inayofuata. Na hii ndiyo sababu aliyekamatwa Ijumaa jioni huweza kumwona hakimu Jumatatu. Jamaa zake wasikae nyumbani siku hizo wakilia. Waende kituoni, waulize nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na kosa lililoandikwa, waombe bondi ya polisi, ambayo haina malipo yoyote. Na wakitakiwa kuweka fedha za dhamana, wadai risiti, kwa kuwa fedha hizo ni amana ya kurudishwa. Tena kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, halimweki mtu rumande.

Zamani dhamana haikupatikana kwa makosa ya kunyongwa. Mwanasiasa Koigi wa Wamwere na wenzake, waliokamatwa mwaka 1993 na kushtakiwa hapa Nakuru kwa wizi wa mabavu katika kituo cha polisi cha Bahati, hawakuweza kupata dhamana kwa kuwa shtaka lilikuwa la kunyongwa. Wakakaa mahabusi mpaka hukumu ya 1995, walipopewa kifungo cha miaka 4 na viboko 6, kwa kosa lililo dogo kuliko lile la kwanza. Viboko vilifutwa mwaka 2003, na Katiba ya 2010 ikafungua mlango wa dhamana kwa kila kosa, pasipokuwa na sababu nzito za kuizuia, ambazo ni juu ya upande wa mashtaka kuzithibitisha.

Haki nyingine ilitiliwa nguvu na kesi iliyotoka karibu na ziwa Elementaita. Thomas Cholmondeley, wa ukoo wa Delamere, alishtakiwa kwa kumwua mwashi Robert Njoya katika shamba la Soysambu mwaka 2006, na wananchi wengi, mimi nikiwamo, tuliifuata kesi hiyo kwa uchungu. Hata hivyo uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2008, kwamba upande wa mashtaka hauna budi kumpa mshtakiwa maandishi ya mashahidi kabla ya kesi kusikizwa, leo unamlinda mchuuzi wa Bondeni sawasawa na bwana shamba. Ukiulizwa kama u tayari, na maandishi hayo hujayapata, sema hujawa tayari, na umwombe hakimu aliandike jawabu lako hilo.

Kuhusu wakili, asiye na uwezo hapewi wa serikali kwa kila kesi. Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2017, katika kesi ya Karisa Chengo, kwamba hutazamwa uzito wa shtaka, ugumu wa kesi, na uwezo wa mshtakiwa kujitetea. Ila Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imemwajibisha hakimu kumweleza haki ya kuwa na wakili mshtakiwa aliyesimama peke yake. Na hakimu asipokueleza, mwulize wewe, kabla hujajibu mashtaka.