Lango au Mfereji? Funzo la Fuko wa Meru

Kuziita "mifereji" protini zipitishazo ioni katika utando wa seli kuna kasoro: mfereji hauhisi, wala haujifungi. Mfano uko Meru. Katika mbuga ya wanyama ya huko huishi fuko asiye na manyoya, ambaye asidi haimwumizi ngozini. Mwaka 2011, Ewan St. John Smith, Gary Lewin na wenzao walieleza sababu. Protini ya neva huhisi badiliko la volteji, ikafunguka, sodiamu ikaingia, na habari ya maumivu ikasafiri. Kwa fuko huyu, protoni za asidi huizuia protini hiyo kuliko zifanyavyo kwa panya; habari haifiki ubongoni. "Lango" ndiyo istilahi ifaayo, ijapokuwa bawabu wa lango hili ameumbwa ndani ya ubao wenyewe.