MTUMBWI JUU, REMORKI NYUMA



Katika somo hili tunasema na wewe uliye katika kikundi cha kutafuta madini: shofere, msaidizi wake, na wale wanaopakia mizigo. Mnatoka Goma, mnapita Sake, mnapanda Masisi, halafu mnashuka Nyabiondo mpaka msitu wa Walikale. Nyuma ya motoka mnavuta remorki yenye hema, sufuria, majembe na bidoni za mafuta. Juu ya paa mmefunga mtumbwi, kwa sababu mtavuka mto Oso au Lowa kuchukua vipande vya mawe ng’ambo.

Mizigo hii miwili ikiwa pamoja ina hatari yake. Shofere anayejua kuvuta remorki, tena anajua kubeba mtumbwi, anaweza bado kupata ajali siku anapovichukua vyote viwili. Kwa nini? Kwa sababu mtumbwi unafuata motoka, lakini remorki inajigeuza yenyewe.

Je, ni lazima kuubeba?

Jiulize hili kwanza. Mtumbwi wa mti uliochongwa unaweza kupita kilo 200. Chanja ya juu ya motoka haiwezi uzito huo: motoka nyingi za safari zinaruhusiwa kati ya kilo 75 na 150 kwa barabara nzuri, na chini ya hapo kwa barabara mbaya. Soma kitabu cha motoka yako. Kama mtumbwi ni mzito, uache. Kodi ule wa wenyeji pamoja na mpiga kasia wake, kwa maana yeye anaujua mto kuliko wewe. Juu ya paa weka mtumbwi mwepesi tu, wa bati la aluminiamu au wa mbao nyembamba.

Usiulaze juu ya remorki. Mtumbwi wa mita 5 katika remorki ya mita 2 utatokeza mbele, na kwenye kona ya kwanza utavunja kioo cha nyuma cha motoka.

Namna ya kuufunga

1. Upakieni watu wanne, wawili kila upande. Mtu mmoja tu atoe amri. Kunjeni magoti, mgongo uwe wima.

2. Ulazeni kifudifudi, tumbo juu. Ukilala wazi utajaa mvua. Bidoni tano za maji za litri 20 ni kilo 100 zaidi juu ya paa, na motoka yenye uzito juu inapinduka upesi.

3. Fungeni kamba mbili zinazopita juu ya tumbo lake, moja mbele na moja nyuma, zishike chanja yenyewe.

4. Fungeni pua yake kwa kamba mbili mpaka chuma cha mbele cha motoka, moja kulia na moja kushoto. Kamba hizi ndizo zinazouzuia kuyumba kwa upepo.

5. Mkia wake pia ufungwe kwa kamba mbili, lakini kwenye motoka tu. USIUFUNGE KAMWE KWENYE REMORKI. Motoka ikikata kona, remorki itavuta kamba upande wake. Kamba itakatika, au mtumbwi utang’oka na chanja yake.

Tena kumbuka hali ya kamba. Kamba ya katani ikilowa inajikaza, ikikauka inalegea. Kamba ya nailoni ikilowa inanyooka. Kwa hiyo, kila baada ya mvua, simama ukaze upya.

Jaribio la uwanjani

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kabla ya kutoka kambini, shofere aendeshe pole pole na kukata kona yote kushoto, halafu yote kulia. Msaidizi asimame kando, si katikati ya motoka na remorki, aangalie mkia wa mtumbwi na pembe ya mbele ya remorki. Kisha piteni juu ya tuta na ndani ya mfereji. Motoka ikipanda tuta, pua inainuka na mkia wa mtumbwi unashuka kuelekea mzigo wa remorki.

Tunashauri ibaki nafasi ya nusu mita katika kila jaribio. Kama haipo, sogezeni mtumbwi mbele au punguzeni kimo cha mzigo wa remorki. Mkia ukigonga remorki uwanjani, mtacheka tu. Ukigonga kwenye kona za Masisi, mtumbwi unaweza kuruka upande wa njia, na pale wanapita mama wenye mizigo ya soko, watoto wa shule na wasukuma chukudu.

Njiani

Vilima vya Masisi vinapita mita 2000, na msitu wa Walikale uko chini ya mita 1000. Basi utashuka sana. Ingiza vitesi ya kwanza au ya pili kabla ya kuanza mteremko, siyo katikati yake. Ukikanyaga freni kwa nguvu katika matope, remorki itaisukuma motoka na kuigeuza.

Kwenye daraja la miti wote washuke isipokuwa shofere. Kagueni mbao kwa miguu. Mkiwa na shaka, fungueni remorki, motoka ivuke peke yake, halafu mwivute remorki kwa kamba ndefu.

Simameni baada ya kilomita 5 za kwanza, halafu juu ya kila mteremko mrefu. Kagueni kamba, pini ya remorki, mnyororo wa usalama na mipira. Mtu asipande juu ya remorki hata kwa safari fupi.

Wakati wa kurudi

Watu wengi wanasahau hili. Mlikwenda na hema, mnarudi na mifuko ya mawe. Mkiitupa nyuma ya remorki, itaanza kupiga mkia huku na huku. Wekeni mawe juu ya ekseli, na kidogo mbele yake. Remorki ya kilo 500 inafaa ikandamize kiungo cha motoka kwa kilo 25 mpaka 50. Kisha rudieni jaribio la uwanjani, kwa kuwa mzigo umebadilika.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

– Kwa nini mkia wa mtumbwi haufungwi kwenye remorki?
– Mvua imekwisha na jua linawaka. Utafanya nini na kamba za katani?
– Nani katika kikundi chenu atasimama kando siku ya jaribio?

Jina la huyo wa mwisho liandikwe leo, kabla ya safari. Jaribio ni dakika kumi tu, na watu wa njiani wanawategemea ninyi.