Kalsiamu, Kirusi cha Rota na Kifo cha Seli za Utumbo

Wengi huifahamu kalsiamu kuwa madini ya mifupa na meno. Ndani ya seli, madini hayo hupeleka ishara. Katika hali ya kawaida, kalsiamu huru iliyomo katika saitoplazimu ni kidogo mno. Ile iliyo nje ya seli huizidi takriban mara 10,000. Pampu za seli huitoa nje bila kukoma, na nyingine huihifadhi katika ghala la ndani liitwalo retikulamu ya endoplazimu.

Kirusi cha rota, kinachowaharisha watoto wadogo, huvuruga uwiano huo. Kikiingia katika seli za utumbo mwembamba, huifanya seli itengeneze protini iitwayo NSP4. Protini hiyo hutoboa ghala, na kalsiamu huvujia katika saitoplazimu. Ghala likipungukiwa, seli hufungua milango yake na kalsiamu zaidi huingia kutoka nje. Kirusi hunufaika, kwa kuwa ganda lake la nje halishikamani bila kalsiamu.

Seli ndiyo inayoumia. Mitokondria, zinazoizalishia nishati, hulemewa na kalsiamu na kushindwa kazi. Seli hufa na kubanduka, na utumbo hupungukiwa na uwezo wa kufyonza maji. Aidha, NSP4 hutoka nje na kuzichochea seli jirani kumwaga kloridi, nayo maji huifuata. Ndipo mtoto huharisha majimaji.

Maelezo haya yanatuonyesha tiba. Antibiotiki haziui virusi. Hata hivyo, seli zilizosalia bado hufyonza sodiamu ikiambatana na glukosi, na maji hufuata; ndiyo sababu ORS huokoa maisha. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, mara kwa mara, na apewe zinki kwa siku 10 hadi 14. Asikatizwe kunyonya kwa hofu ya kalsiamu: kinachodhuru ni kuvurugika kwa mpangilio ndani ya seli, si kalsiamu ya chakula. Akilegea, akishindwa kunywa, au macho yakididimia, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Seli mpya hushika nafasi ya zilizokufa baada ya siku chache. Wajibu wetu ni kumvusha mtoto salama hadi siku hizo. Na bora zaidi ni kumkinga kwa chanjo ya matone, ambayo Tanzania huitoa tangu mwaka 2013.