METHALI MBILI NA NDEGE YA KUJIJENGEA



Wanachama wa Kiswahili twapenda sana kuzipambanisha methali. Leo hebu tutazame mbili. Ya kwanza yasema, "Hakuna kizuri kisicho na ila." Ya pili yasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Moja yataka tuvumilie kasoro, nyingine yatukataza kuvumilia hata ufa mdogo. Je, zapingana? Tumwulize mtu anayejijengea ndege nyumbani.

Usicheke! Sisi wa Changamwe huona ndege zikishuka uwanja wa Moi, tukadhani kazi hiyo ni ya viwanda vya ng'ambo tu. Lakini mwaka 2010 Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta, alijenga nyumbani kwake ndege ya viti viwili, akaitia injini ya gari la Toyota. Haikupaa. Hakukata tamaa, akajenga nyingine. Mtu kama huyu hukutana na kasoro kila siku, na lazima aamue ipi aiache na ipi aitengeneze.

(a) Ila: kasoro ya sura
Bati limebonyea kidogo, rangi imechuruzika, ribiti moja imelala upande. Fundi asiyependa ila hutaka kuing'oa ribiti ile. Basi huitoboa kwa keekee. Keekee ikipotoka, tundu lapanuka, na bati lililokuwa zima sasa ni bovu! Au hupaka puti ili bonde lisionekane. Lakini puti ni uzito, na ndege itaubeba uzito huo kila irukapo. Tena wakati nao wapita. Ndege ya kujijengea ni kazi ya miaka. Anayerudia kila kitu huzeeka na mabati bandani.

(b) Ufa: kasoro ya nguvu
Boriti ya bawa imepasuka, bomba la mafuta lavuja, parafujo ya usukani yacheza. Hapa hakuna cha kuvumilia. Gari likizima pale Makupa, utalisukuma kando. Ndege ikizima angani utaisukuma wapi, bwana?

Hata watoto wa Magongo wanaorusha tiara wayajua haya. Tiara ya gazeti yenye kiraka hupaa vizuri tu. Lakini chelewa zake zikiwa upande mmoja mzito kuliko wa pili, huzunguka na kuanguka kichwa chini.

Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walifuata njia hiyo. Mwishoni mwa Novemba 1903 waliona ufa katika chuma kinachozungusha rafadha. Baridi ilikuwa imeingia na muda wawaishia, lakini hawakusema "si neno". Orville alisafiri hadi kwao Dayton kutengeneza vyuma vipya vya nguvu zaidi. Tarehe 14 Desemba walijaribu, ndege ikaanguka mchangani na kuvunjika kidogo. Wakaitengeneza. Tarehe 17 ikaruka kwa sekunde 12, kiasi cha mita 37, na siku hiyohiyo safari ya nne ikafika sekunde 59.

Basi, ukiona kasoro jiulize: Je, sehemu hii yabeba uzito? Yaongoza ndege? Yahusu mafuta au moto? Jibu likiwa "ndiyo" hata mara moja, huo ni ufa. Yote yakiwa "hapana", ni ila. Iache uendelee na kazi. Lakini jihadhari, mvivu naye huipenda sana ile methali ya kwanza! Ndiyo maana mjenzi hajihukumu peke yake. Huita jicho la mwingine, na kabla ya kuruka kuna Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini.

Kwa hivyo methali zetu hazipingani. Kila moja ina mahali pake.

ZOEZI
1. Tafuta methali nyingine mbili zinazoonekana kupingana, ueleze kila moja hutumika wapi.
2. Insha yako ina mwandiko mbaya na hoja moja isiyo na ushahidi. Ipi ni ila na upi ni ufa?