SOMO: MAJIVU YA PUMBA ZA MPUNGA



Nyuma ya kila kinu cha kukoboa mpunga pana kilima cha pumba. Kilo 100 za mpunga hutoa pumba zipatazo kilo 20. Hazina lishe, haziozi upesi, basi huchomwa, na moshi tunauvuta sisi na watoto wetu.

Mhandisi P. Kumar Mehta, mzaliwa wa India aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza majivu yake. Kilo 20 za pumba huacha majivu kama kilo 4, na sehemu kubwa yake ni silika, kitu kilekile kilichomo mchangani. Saruji ikichanganywa na maji huzaa chokaa isiyo na nguvu. Silika ya majivu huikamata chokaa hiyo ikawa gundi. Kwa hiyo fundi aweza kupunguza saruji, hata sehemu moja katika tano, akatia majivu yaliyosagwa, na zege likawa imara, tena maji hayapenyi kwa urahisi. Si jambo dogo, maana saruji hupikwa katika tanuri la nyuzi 1,450 za joto, na gharama ya moto huo tunailipa dukani.

Lakini jivu si jivu tu. Pumba zikiungua chini ya nyuzi 700 hivi, silika hubaki laini na kufaa kwa saruji. Moto ukizidi sana, hugeuka fuwele. Hapo haifai sana kwa zege, na vumbi lake hutia mapafu makovu yasiyopona tena. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililitia vumbi la fuwele hizo katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Macho hayawezi kuyatenga majivu hayo mawili, yapimwe maabara.

Tajiri akileta lori kununua majivu, kilichoitwa takataka jana kimekuwa bidhaa, na kuyajaza magunia ni kazi yenye mshahara wake. Kabla ya kushika koleo tuulize: tanuri lina joto gani? Cheti cha maabara kiko wapi? Majivu yamwagiwe maji kwanza, yasifagiliwe makavu. Barakoa ziwe za kuzuia vumbi jembamba, kwani leso haizuii kitu. Matawi yenye vinu yaandike madai haya katika mkataba, pamoja na kupimwa kifua kila mwaka kwa gharama ya mwajiri.