Usilipie Boksi

Wadogo zangu, kila bumu likitoka swali ni lile lile: dada, nina laki saba na ushee, nichukue laptopu mpya ya kwenye boksi au ile used iliyotoka ofisini? Safari hii nalijibu kwa kirefu, kwa sababu wengi wenu hela ya namna hiyo hamtaishika tena mpaka mmalize chuo, na kwa wengine imetoka kwenye kikoba cha mama.

Kwa hela hiyo, chukua used. Ila usichukue used yoyote, na usiichukue siku hiyo hiyo uliyopata hela.

Nianze na hiyo mpya, maana ndiyo inayowapumbaza wengi. Kwa bajeti yako, mashine mpya utakayoletewa kaunta pale Kariakoo mara nyingi itakuwa na prosesa ya Celeron, RAM ya 4GB, na hifadhi ya eMMC ya 64GB au 128GB. Celeron N4020, ambayo utakutana nayo sana, ilitoka mwaka 2019 na ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Kwa hiyo boksi ni jipya, kilichomo ndani kilishapitwa siku nyingi. Hiyo eMMC ni aina ya hifadhi inayowekwa kwenye simu za bei nafuu, tena ikiwa ya 64GB, Windows 11 peke yake inakula sehemu kubwa. Yakishuka masasisho mawili matatu unaambiwa nafasi imejaa, na hujaweka hata slaidi za mhadhiri. Fungua Word, fungua kivinjari chenye kurasa kadhaa, ingia kwenye Zoom, kisha uone mashine inavyoganda huku msimamizi wako anakuita jina.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kwenye nyingi ya mashine hizo RAM na hifadhi vimechomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Ukitaka kuongeza, fundi ataifungua, ataitazama, ataifunga. Ulichonunua ndicho hicho hicho hadi mwisho, na mahitaji yako mwaka wa tatu hayatakuwa yale ya mwaka wa kwanza.

Sasa hizi used ninazozisema zinatoka wapi? Kampuni na taasisi za Ulaya na Marekani hununua au kukodi laptopu za kazi kwa mamia, wafanyakazi wanazitumia miaka mitatu minne, kisha zinaondolewa zote kwa mkupuo na kuuzwa kwa jumla. Nyingi hupitia kwa wafanyabiashara wa Dubai na Uingereza ndipo zinafika kwetu. Hizo ndizo ThinkPad za mfululizo wa T, Dell Latitude na HP EliteBook. Zikiwa mpya ziliuzwa zaidi ya dola 1,000, na ziliundwa kwa mteja anayepiga hesabu ya matengenezo kabla hajanunua. Ndiyo maana ukiigeuza Latitude 7490 au EliteBook 840 G5 na kulegeza skrubu za chini, unakuta nafasi mbili za RAM, SSD inayochomoka na betri inayobadilishika. ThinkPad T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa kwa nje, na unaweza kuibadilisha ile ya nje bila kuzima mashine. Kibodi yake ina matundu ya kupitishia maji yaliyomwagika yatokee chini. Kwetu ambako umeme unakatika na chai inanywewa mezani hapo hapo, hayo si madogo. Ni kama mtumba wa daraja la kwanza pale Karume: shati lilishavaliwa, lakini kitambaa chake hukipati kwenye mashati mapya ya bei ile ile.

Prosesa ya T480 nyingi ni i5-8350U au ndugu yake i5-8250U, zote za mwaka 2017, zenye viini vinne. Zinaiacha mbali ile Celeron ya kwenye boksi.

Hapo kwenye prosesa ndipo wengi wanapopigwa, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Muuzaji atakwambia "hii ni Core i7, dada", nawe unadhani i7 lazima iipiku i5. Soma namba inayofuata baada ya kistari. Kwenye i5-8350U tarakimu ya kwanza ni 8, yaani kizazi cha 8. Kwenye i5-10210U namba ina tarakimu tano, kwa hiyo soma mbili za kwanza: 10, kizazi cha 10. Ukiona i7-5600U, hicho ni kizazi cha 5, prosesa ya mwaka 2015 yenye viini viwili, na i5 ya kizazi cha 8 inaishinda bila jasho.

Kwa Intel, mstari wangu ni kizazi cha 8 kwenda juu, na sababu ni Windows. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiacha prosesa chache sana, haikubali rasmi Intel iliyo chini ya kizazi cha 8. Kwa hiyo ThinkPad T470, EliteBook 840 G3 na 840 G4 zimeshuka bei, na utauziwa kwa maneno matamu. Nyingi zitakuwa na Windows 11 ndani, iliyoingizwa kwa kuruka ukaguzi. Kuiona Windows 11 kwenye kioo hakuthibitishi chochote. Namba ya prosesa ndiyo ushahidi. Ikiwa hela haifiki kabisa na umepata T470 nzima, iwekee Linux Mint na uandikie LibreOffice. Inafanya kazi vizuri, mradi programu za kozi yako zisiwe zile zinazotaka Windows tu.

Jambo jingine la haraka: usichague hifadhi kwa ukubwa wa namba. SSD ya 256GB ni bora mara nyingi kuliko diski ya kuzunguka ya 500GB. Ile ya kuzunguka ni nzito kuwaka, na haipendi kabisa mikikimikiki ya daladala.

Haya, twende dukani. Nenda asubuhi, nenda na mtu, beba simu yenye bando na flashi moja. Usikubali mashine ambayo tayari imewashwa inakusubiri. Iombe ikiwa imezimwa, uiwashe mwenyewe, na kwenye Dell ubonyeze F2, kwenye ThinkPad F1, kwenye HP F10, uingie kwenye mipangilio ya ndani. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, mrudishie. Kufuli hilo liliwekwa na kampuni iliyokuwa na mashine, na kulitoa ni kazi ya kuchokonoa bodi.

Kuna kufuli la pili, baya zaidi kwa sababu halionekani. Mashine nyingine bado zimeandikishwa kwenye mfumo wa kampuni ya zamani. Muuzaji anaweka Windows bila intaneti, kila kitu kinaonekana safi, nawe unaitumia miezi sita. Siku unaifuta na kuianzisha upya ukiwa na intaneti, inakukaribisha kwa jina la kampuni ya ughaibuni na kukudai anwani ya barua pepe ya kazini kwao. Hapo huendi mbele. Kwa hiyo mwombe muuzaji aianzishe upya mbele yako, uiunganishe na hotspoti ya simu yako tangu hatua ya mwanzo. Ikichukua saa nzima, kaa hapo. Muuzaji anayeiamini mashine yake atakuletea kiti.

Ikishawaka, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Itakuonyesha faili lilipohifadhiwa. Lifungue, tafuta mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo betri iliotoka nao kiwandani, na Full Charge Capacity, uwezo iliobakiwa nao leo. Ukikuta 60,000 juu na 30,000 chini, betri imebaki nusu. Hiyo peke yake si sababu ya kuiacha mashine, kwa kuwa betri inabadilishwa. Ni sababu ya kushusha bei, tena ukiwa na namba mkononi huna haja ya kubishana.

Kisha vidole. Fungua Notepad ubonyeze kila herufi, kila tarakimu, hata zile usizozitumia. Mashine za Ulaya wakati mwingine huja na kibodi ya Kijerumani au ya Kifaransa yenye herufi zilizohama, iliyofichwa kwa stika, na stika zikibanduka utaandika kwa kubahatisha. Weka picha nyeupe tupu ikijaza kioo utafute madoa, halafu nyeusi tupu. Fungua kioo taratibu hadi mwisho usikilize bawaba. Zikilia au upande mmoja ukinyanyuka, kuna kitu kimevunjika ndani. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Kwa T480, chomeka chaja kwenye tundu moja la USB-C, kisha la pili. Programu ya ndani ya Thunderbolt ya mashine za miaka ile ilikuwa na kasoro inayoharibu matundu hayo, Lenovo ikatoa marekebisho, na wengi hawakuyaweka. Yakifanya kazi yote mawili, wiki hiyo hiyo mwambie fundi aweke marekebisho hayo kutoka tovuti ya Lenovo.

Mfuniko unaong'aa usikuteke. Nyingi hubandikwa stika nzima juu ili zionekane mpya. Mimi ningechukua yenye mikwaruzo na bawaba ngumu.

Jihadhari pia na zile nyembamba za kifahari. ThinkPad X1 Carbon ni nyepesi na inapendeza, lakini RAM yake imechomelewa, kwa hiyo ukiichukua hakikisha ina 16GB tangu mwanzo. T480s na T490 zina sehemu imechomelewa na nafasi moja ya kuongezea, hizo sina ugomvi nazo.

Sasa wewe uliye Kigoma au Mtwara, unayetumiwa mzigo kwa basi kutoka kwa muuzaji wa Instagram. Haya yote huwezi kuyafanya kwa picha. Kama huna ndugu wa kwenda dukani kwa niaba yako na karatasi hii mkononi, vumilia uongeze hela, uchukue mpya yenye angalau 8GB na SSD kwenye duka la hapo mjini unaloweza kurudi kwa miguu. Hapo mpya inanishinda, na nakubali. Vivyo hivyo kama mfuko wako unafika kwenye mpya ya Ryzen 5 au i5 yenye 16GB: chukua, ila uliza waranti inashughulikiwa Tanzania au ni ya Dubai.

Popote ununuapo, dai risiti ya EFD, na namba ya utambulisho iliyo chini ya mashine iandikwe juu yake. Waranti ya used ni ya duka, mara nyingi wiki chache au miezi michache, basi siku hizo itumie kwa nguvu: masaa marefu, video, chaja ikiwa imechomekwa na ikiwa imechomolewa. Kasoro zijitokeze wakati bado una pa kuzirudisha.

Na mzee nyumbani, aliyekupa hela akisema nunua kitu kipya? Mpigie kabla hujalipa. Mweleze kwamba ilikuwa mashine ya ofisi, kwamba RAM inaongezwa na betri inabadilishwa, na mtumie picha ya mashine na ya risiti. Wazazi wengi hawaogopi used. Wanaogopa mtoto kutapeliwa. Akiona ulivyoikagua atatulia.

Ukibaki na elfu sitini au sabini, usiile. Nunua begi lenye sponji, ongeza RAM ukipata bei nzuri, na nakala ya kazi zako ikae mahali pengine nje ya mashine. Na ukikwama kati ya mbili, nitumie namba kamili ya prosesa na picha ya ile ripoti ya betri. Nitumie ukiwa bado dukani, hela ikiwa bado mfukoni.